Kijiti chenye Panda

Lilianzia kwa Ithungu, mwaka ule wa mnyauko,
au kwa mkwewe wa Bundibugyo; hatukuuliza.
Neno lenyewe fupi, lingeenea kiganjani:
mkungu ukishamaliza kutoa vichana,
livunje ua dume kwa kijiti chenye panda,
lizungushe mpaka likatike lenyewe.
Usilikate kwa kisu,
kwa sababu kisu hunywa utomvu wa mgomba mgonjwa
kikautemea mgomba mzima.

Ithungu alimwambia Kyakimwa wakingoja zamu kinuni.
Kyakimwa akalimwaga kwenye mazoezi ya kwaya,
katikati ya sauti ya pili na ya tatu.
Bwambale fundi redio akalishusha Kisinga,
akawapa vijana wa bodaboda,
na bodaboda haipandi mlima na mzigo usiolipiwa:
"kwa sababu" ilikuwa nzito,
wakaiacha kwenye kona ya kwanza.

Mimi nami sijifichi.
Karani wa kikundi cha akiba, mwandiko mzuri, daftari safi,
nilimpigia dada yangu Kabugho kule Kyondo.
Nikasema kijiti. Nikasema panda. Nikasema usi—
salio likaisha.
Nilikusudia kupiga kesho yake.
Kesho ile sasa ina miaka tisa.

Kyondo walipata kijiti bila kisu.
Ng'ambo ya mto walipata kwamba ni lazima kiwe cha mbuni,
tena kivunjwe na mama wa mapacha.
Juu zaidi walikichomeka tu shambani
kikasimama humo kama askari asiyelipwa mshahara.
Kisha ugonjwa ukapoa,
na kitu kisichouma hakina msimulizi.
Watoto wakakicheka kijiti.
Nani ahangaike na ujiti, panga likiwa kiunoni?

Mwaka huu utomvu wa manjano umerudi.
Ithungu tulimzika zamani, mwezi wa mvua.
Nililala na daftari, nikachora kwa penseli
nani alimwambia nani.
Nyuma ya karatasi ile ile nikachora
nani aliazima kisu cha nani.
Asubuhi nikaiinua dirishani, jua likapenya:
mistari ilikuwa ile ile.
Njia iliyotuletea dawa
ndiyo iliyotuletea maradhi,
mlango kwa mlango, kwa salamu zile zile,
"nisaidie mara moja, nakurudishia jioni."

Nyumba moja tu haikuguswa na mstari, mbele wala nyuma.
Mbambu, ambaye tulimnunia kwa ajili ya mpaka,
hatua tatu za udongo na kuku mmoja.
Nilikwenda nimebeba sukari na aibu.
Migomba yake imesimama kijani, imenenepa,
na juu ya kizingiti kinaning'inia kijiti,
panda yake imeng'aa kwa kushikwashikwa.

"Nani alikuambia?"
"Hakuna. Nilisikia nyuma ya ua,
Ithungu akipaza sauti, mkidhani nimelala."
Akapokea sukari, hakunikaribisha kiti.
"Na sikuwa na mtu wa kumpa,
kwa hiyo halikupungua."

Sikujua kama hilo lilikuwa tusi.
Mpaka leo sijui.

Nilinunua salio la elfu mbili, nikapanda kwenye jiwe lenye mtandao,
safari hii nikaanza na mkia.
"Kwa sababu," nikasema.
Kabugho akacheka. "Kwa sababu gani tena?
Migomba tuliing'oa. Siku hizi ni mahindi."

Nikamwambia hata hivyo, lote,
utomvu, kisu, mgonjwa, mzima,
nikisikia mwiko ukikwaruza sufuria,
nisijue kama ananisikia au anasonga ugali.
Kisha nyuma yake, mbali kidogo,
sauti ya mtoto ikauliza:
panda ndiyo nini?